Barua kwa kaka yangu aliyeko Dar: ile dawa haikumuua mama

Kaka shikamoo. Najua umeniblok WhatsApp ndo maana naandika huku, wifi atakusomea maana yeye bado ananifuatilia. Toka tumalize arobaini ya mama hatujasemeshana na watu wa Ujiji washaanza kuuliza, mi nawajibu uko bize na kazi. Watoto hawajambo? Yule wa mwisho mwambie dagaa wake nimemuwekea, nimekosa tu mtu wa kumpa kwenye treni.

Haya, tuongee.

Unasema tungemleta mama Dar asingekufa, na kwamba ile mofini, dawa ya maumivu makali niliyokuwa nampa, ndo imemuua. Kaka, saratani ya shingo ya kizazi ilivyokuja kugundulika ilikuwa ishasambaa, daktari alitwambia wote, wewe ukiwa kwenye simu na spika nimewasha, usijifanye hukusikia. Ocean Road siipingi, ndo hospitali yetu ya kansa ya taifa, mionzi wanayo, lakini kutoka hapa mpaka huko kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 na mama kukaa kwenye kiti tu alikuwa hawezi, anaegemea ubavu mmoja hivi akichoka anageuzwa. Ungempakia vipi?

Mi nilichoumia sio kwamba hospitali ilishindwa kumponya, kufa tutakufa wote. Niliumia na vile walivyotutoa. Kikaratasi, parasetamo, na "mkamuuguze nyumbani, hapa hakuna tena cha kufanya". Hakuna cha kufanya wakati mtu analia mpaka majirani wanagonga mlango saa nane usiku? Wewe hayo hukuyasikia, ulikuwa unasikia "mama anaendeleaje" na mimi najibu "hivyohivyo" kwa sababu sikutaka uchanganyikiwe kazini.

Ndo nikahangaika huku na huku mpaka nikaelekezwa kwa nesi wa hospitali nyingine aliyesomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso hata kama haponi, Mungu ampe maisha marefu yule mama. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akamuuliza mama mwenyewe sio mimi, maumivu yakoje, yanaanza saa ngapi, unalala? Hakuna daktari aliyekuwa amemuuliza mama kama analala. Daktari wao akaandika mofini ya maji, tukapewa kwenye chupa ya plastiki imebandikwa plasta imeandikwa kwa peni kipimo na saa, kila masaa manne, ile ya kulalia kipimo maradufu ili asiamke usiku. Napima kwa bomba lisilo na sindano. Na dawa ya kulainisha choo juu yake maana mofini inafunga tumbo. Chungu balaa, mama alikuwa anakunja uso halafu anacheka. Baada ya siku chache akaniambia anataka ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, akala, kidogo lakini akala, akaanza na kunigombeza kwamba nimezidisha chumvi. Huyo ndo mama yetu, alirudi kaka, wewe hukumuona.

Sasa siku ya msiba. Umetoka uwanja wa ndege mama yuko ndani anaoshwa, mi niko uwani na wamama, unatokea na ile chupa mkononi sijui nani alikupa, unauliza mbele za watu "nani alikuwa anamlisha mama dawa za kulevya?" Wamama wote kimya. Baba mdogo anaangalia chini. Ukafungua kizibo ukamwaga yote kwenye shina la mpapai. Ulinitukana, sawa, wewe ni mkubwa. Lakini dawa ile iliyobaki inatakiwa irudishwe hospitali, inaandikwa kwenye daftari, inakaa kwenye kabati la kufuli. Mimi ndo nilirudi na chupa tupu nikasimama mbele ya mfamasia naeleza kaka yangu msomi kamwagilia mpapai. Hiyo siwezi kusahau, hata nikijitahidi.

Na kwa vile we unapenda sheria, ule mkataba wa dunia wa dawa za kulevya wa 1961 wenyewe unasema dawa hizi hazikwepeki kwenye kutuliza maumivu. Mofini ikitolewa kwa kipimo chake haimuwahishi mtu kufa, na mgonjwa wa kansa kuwa teja kwa dozi ya maumivu ni nadra sana. Hapo Uganda tu toka 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Mwaka 2014 nchi zote za WHO, Shirika la Afya Duniani, zilikubaliana Geneva kwamba tiba shufaa iingizwe kwenye mifumo ya afya, na inatakiwa ianze pale ugonjwa unapogundulika, sambamba na matibabu, sio mtu akishakata tamaa ndo akabidhiwe. WHO haohao wanasema wanaoihitaji wakaipata ni kama asilimia 14 tu duniani. Sasa sera ya taifa ina maana gani kama hospitali ya mkoani haina dawa kabatini, haina hata nesi mmoja aliyefundishwa, na mgonjwa akitolewa hakuna barua ya kwenda zahanati ya mtaani kwake kuwaambia huyu anakuja, anatumia hiki, mpitieni? Hospitali ndo ina dawa, ina daktari wa kuandika, ikijitoa hapo nyumbani tunabaki na dua na parasetamo. Waziri ukipita huku soma na hii.

Nimetoka kwenye mada. Kaka, nakushauri kama mdogo wako, ukiwa mbali na mgonjwa uliza kabla ya kuhukumu. Mi nilikuwepo. Nilimgeuza, nilimfulia, nilimpa dawa kwa saa yake hata mara moja sikupitiliza, na kama ingerudi leo ningefanya vilevile.

Baba mdogo naye mkojo unamsumbua muda mrefu, alikuwa anaficha, mgongo sasa unamuuma. Jumatatu nampeleka akapime tezi dume na nishaongea na yule nesi mapema. Hela ya vipimo haijatimia, tuma kwenye namba yangu ileile.