Kaka anasema namtia mama sumu, na mama amenyamaza

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa za usiku, usingizi umenikataa. Mama yuko chumba cha pili, kila akigeuka kitanda kinalia, nami najua ni goti la kushoto. Siku nyingine ningeshaamka nimkande. Leo nimekaa tu, naogopa kumgusa mama yangu mwenyewe, kwa sababu kaka ameniambia namtia mama sumu. Alisema mbele ya wifi, mbele ya watoto wake, na mama akiwa palepale kwenye kiti chake. Mama hakusema kitu.

Nataka uelewe kwanza kwamba mimi si mtu wa kubeba kila unga ninaopewa. Kaka anazungumza kana kwamba nilimtoa mama hospitali nikampeleka porini. Si kweli. Mama alikuwa hospitali, na ni hospitali iliyomwambia aache diklofenaki. Alikuwa amezimeza miaka na miaka, tumbo likaanza kumuunguza, presha ikawa haishikiki, na kipimo cha figo kiliporudi daktari akasema basi, hizi usiguse tena. Ni kweli, zile dawa huumiza figo na tumbo, hasa kwa mtu mzima mwenye presha. Sina ugomvi na daktari. Lakini tulitoka pale na nini? Parasetamoli, jeli ya kupaka, na karatasi ya mazoezi ya misuli ya mapaja. Gegedu imelika, wakasema, mfupa unasugua mfupa, mkiwa tayari kwa upasuaji wa kubadilisha goti mrudi. Mama hataki kusikia habari za kisu. Basi usiku analia, na anayemsikia ni mimi, si kaka.

Ndipo nikaenda kwa vaidya. Naandika hili kwa sababu kaka anamwita mganga wa kienyeji, na yule mzee si mganga wa kupiga ramli. Ni daktari wa Ayurveda, tiba ya Kihindi iliyoandikwa vitabuni tangu enzi za Charaka na Sushruta, na mpaka leo India ina vyuo vyake na wizara yake ya serikali. Alimshika mama mkono akasikiliza mapigo, akamtazama ulimi, halafu akaomba kadi ya hospitali na kusoma kila dawa. Alipoona vidonge vya tezi ya shingo akasema ashwagandha, ule mzizi wa Kihindi, sitampa, inaweza kuchezea homoni za tezi. Manjano ya chakula hakuyakataza, ila vidonge vile vikali vinavyochanganywa na pilipili manga akasema tuviache, kwa sababu pilipili manga huufanya mwili unyonye manjano kwa wingi, na dawa nyingine zinaweza kufuata mkondo huohuo. Mtu wa kutia watu sumu anaongea hivyo, Shangazi?

Alitoa vitu vichache. Vidonge vya shallaki, yaani utomvu wa mti wa ubani wa India, vyenye lebo na jina la mtengenezaji. Mafuta ya mbarika kidogo usiku, tumbo lisifunge. Na mafuta ya kukandia yaliyopikwa na mizizi ndani ya mafuta ya ufuta. Alisema kwa mama ni vata, yaani kwa lugha yao ile nguvu ya upepo na ukavu mwilini, iliyoingia kwenye viungo, ule ute unaolainisha umepungua, kwa hiyo tiba yake ni joto na mafuta. Alisema pia mama apunguze uzito na asiache yale mazoezi ya hospitali. Na alisema daktari wake aambiwe kila kitu. Nitarudi hapo.

Sasa kaka, anayepiga simu Jumapili na kuuliza "mama hajambo?" halafu anaongea na mama dakika mbili, hajawahi kuona ninachofanya. Nakanda unga wa choroko nyeusi mpaka ushikane, nauviringisha, nauzungusha kwenye goti kama ukuta mdogo, halafu nabana kingo kwa kidole chenye maji, maana ukiacha upenyo nyuma ya goti mafuta yote yanakimbilia kwenye shuka. Mafuta nayapasha ndani ya bakuli lililowekwa kwenye maji ya moto, si motoni moja kwa moja. Nadondoshea kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikiona sawa namimina taratibu ndani ya ule ukuta, yakipoa nayachota kwa pamba, namimina mengine. Inakwenda hivyo nusu saa, wakati mwingine zaidi. Mama anafumba macho. Ngozi ya goti inalainika mpaka inang'aa, na nikimkanda baada ya hapo anaweza kulikunja bila kuuma meno. Sisemi gegedu imerudi, sijawahi kusema hivyo. Nasema analala.

Hiyo ndiyo sumu ya kaka.

Alipokuja likizo alifungua kabati akatoa kila kitu mezani, chupa kwa chupa, kama polisi. Nikamwambia kaka, tulia nikueleze. Akasema, "Wewe unamtia mama sumu kwa sababu hutaki apasuliwe. Akipona utakosa kazi." Utakosa kazi! Niliacha kazi yangu kumlea mama, yeye anajua, walikaa wote wakakubaliana kwamba mimi ndiye sina watoto kwa hiyo ndiye niko huru. Leo kumlea mama ni ajira yangu? Nikamtazama mama nikitegemea aseme hata neno moja. Aseme tu, "Mwacheni mtoto, mafuta yananisaidia." Aligeuza uso dirishani. Yule mama ambaye usiku ananiita jina langu la utotoni nikimmiminia mafuta.

Nimejaribu kujitetea kwa ushahidi, usidhani nilinyamaza. Nilimtumia kaka utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 440 wenye magoti yaliyolika, walifuatiliwa wiki 24, dawa za Ayurveda zenye tangawizi na mmea uitwao guduchi zikalinganishwa na glukosamini na selekoksibu, dawa zinazotumika kwa maumivu ya viungo, na zikaonekana kukaribiana. Kaka akausoma wote mpaka mwisho, akanirudishia sehemu moja tu, ile inayosema baadhi ya waliotumia zile dawa za mitishamba vipimo vyao vya ini vilipanda. Hakutaja maumivu yaliyopungua, hakutaja kitu kingine chochote. Akaandika: "Ini la mama umelipima?" Sikumjibu. Nilikasirika, kwa sababu dawa za mama si zilezile. Lakini kusema kweli ini halijapimwa tangu tuanze.

Alitaka vyote viende kwenye jalala siku ileile. Wifi ndiye aliyesema yabaki mafuta ya kukandia, mengine yatupwe. Kwa hiyo shallaki ilitupwa, dawa yenye lebo, iliyoandikwa na mtu aliyesoma kadi ya mama. Na mama bado hakusema kitu. Nakuuliza Shangazi, mzazi anawezaje kukaa kimya hivyo? Nimejaribu kumsamehe. Nimejiambia labda anamwogopa kaka kwa sababu ndiye anayelipa hospitali. Labda aliona aibu mbele ya wajukuu. Halafu najiuliza, au naye anaamini?

Kuna kitu kingine ambacho kaka hakukikuta. Nakitaja tu ili upate picha yote.

Kabla kaka hajaja, mama alikuwa na hali mbaya sana, vidonge vya shallaki vinafanya kazi polepole na yeye alishachoka kusubiri. Mama mmoja tuliyezoea kukaa naye kwenye foleni ya kliniki alituletea vidonge vyeusi, vidogo kama mbegu, ndani ya kopo lisilo na karatasi. Alisema ni vya Ayurveda pia, vimetoka India, yeye mwenyewe vimemsimamisha. Vaidya sikumwambia. Alishatuonya tusiongeze kitu, lakini yeye si anayelala na kilio cha mama. Mama akaanza kuvitumia. Hazikupita siku nyingi akainuka bila fimbo. Shangazi, mama alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kumpokea jirani! Hamu ya kula ikarudi, akajaa mashavu, kila anayeingia anasema mama amenawiri, unamtunza vizuri. Mimi nilifurahi, ningeachaje kufurahi?

Sasa baada ya kaka kusema lile neno lake nimekuwa nikisoma usiku kwenye simu, labda ndiyo maana silali. Kumbe ndani ya Ayurveda kuna tawi linaloitwa rasa shastra, ambalo huchanganya madini na mitishamba kwa makusudi, wanaamini wakiyachoma na kuyasafisha kwa njia zao yanakuwa dawa. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwenye intaneti, karibu moja kati ya tano ikawa nayo, na zile za rasa shastra ndizo zilizoongoza. Risasi ikizidi mwilini huleta maumivu ya tumbo, choo kigumu, uchovu na upungufu wa damu. Mama anachoka, ndiyo. Lakini ni mtu mzima, na tumbo lake lilikuwa gumu toka zamani.

Nikasoma na jingine lililonitoa jasho. Vidonge vya viungo visivyo na lebo, vinavyouzwa kwa jina la mitishamba, vimewahi kukutwa vimetiwa steroidi za hospitali kama deksamethasoni, au hiyohiyo diklofenaki, bila mnunuzi kujua. Ndiyo maana mtu anainuka haraka. Na steroidi hujaza uso, hupandisha presha na sukari. Uso wa mama umejaa, Shangazi. Nimetafuta picha zake za mwaka jana nikazilinganisha. Wameandika pia kwamba aliyezitumia muda mrefu haachi ghafla, maana tezi zake zimesahau kutengeneza za kwake, anaweza kuanguka, apunguziwe na daktari.

Kwa hiyo unaona nilipo. Kaka alisema vyote vikome, na mbele yake nikaitikia ndiyo. Lile kopo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Mama ananiuliza kila jioni kwa sauti ya chini, "Vile vyangu vipo?" Nampa. Nimepunguza kidogo kwa kukisia, na ndiyo maana naona maumivu yameanza tena. Nisipompa nahofia anaweza kuanguka, nikimpa sijui ninampa nini. Nikimwambia daktari, atauliza nani aliruhusu, na kaka atajua siku hiyohiyo kwa sababu namba yake ndiyo iliyo kwenye faili la mama. Atapata alichotaka. Atasimama sebuleni na kusema, "Nilisema."

Mama ameniapisha nisiseme. Anasema wakijua watamnyang'anya na hawatampa kitu badala yake, kama mara ile ya diklofenaki. Siwezi kumwambia ana makosa, ndivyo ilivyokuwa. Na huo ndio ukimya wake sasa naanza kuuelewa, siku ile kaka anapekua kabati yeye alikuwa akiogopa kopo lisionekane. Alilinda kopo, mimi hakunilinda. Nikiwaza hivyo moyo unauma upya.

Wakati mwingine nasema basi, kaka amchukue mama akakae naye, ampasue, amkande yeye, aone. Nimeshaandika ujumbe huo kwenye simu na sijautuma. Mama akiondoka humu ndani mimi sijui nitafanya nini na mikono yangu jioni. Usinishauri nimpeleke kwa kaka. Na usiniambie niachane kabisa na Ayurveda, kwa sababu mafuta na vidonge vya vaidya havikumdhuru mtu, na sitaki viingizwe kwenye kapu moja na lile kopo. Kaka ameviweka kapu moja, hospitali nao wataviweka kapu moja, na nikisema ukweli mimi ndiye nitakuwa nimewasaidia.

Nilianza barua hii nikitaka uniambie namna ya kumfanya kaka aniombe radhi mbele ya walewale aliponitukana. Bado nataka. Lakini kliniki ya mama ni Alhamisi. Je, nibebe lile kopo nimpe daktari mkononi wakati mama yuko pale ananitazama, au nitangulie peke yangu kabla ya Alhamisi nimweleze daktari, ajue jinsi ya kumpunguzia na ampime damu, ini na figo bila mama kujua nani amesema? Na kaka nimwambie kabla, au nisubiri majibu? Nijibu mapema, vidonge vilivyobaki ni vichache na mwanamke yule wa kwenye foleni ameshaniuliza kama nataka kopo jingine.

Ni mimi,
kitindamimba wa mama