Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: kufuli lenu bado liko kwenye kibanda changu

Moshi, Juni 2022

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Jibu lake nalijua, ni "Kazi iendelee", na ningependa sana iendelee. Ila yangu imesimama tangu Alhamisi alfajiri mlipoleta kufuli.

Sitakutaja jina wala cheo. Kwanza ni heshima, pili nina watoto na nataka nilale kwangu kwa amani. Lakini unajijua, na waliokuwa ukumbini siku ile ya Julai 2020 wanakujua. Ulikaa meza kuu na chupa zako mbili za maji. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nyuma ya wapiga picha. Ukasema: "Hakuna mfanyabiashara mdogo atakayefungiwa kibanda kwa deni la corona." Watu wakapiga makofi, ukaona yamenoga, ukarudia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nakubali, na maneno ya mwaka huo huwa na msimu wake kama maparachichi. Mimi niliyaweka moyoni nikarudi nyumbani kumwambia mume wangu tumepona.

Sasa nikueleze ya Alhamisi, maana huenda waliokuletea taarifa walikwambia wamefunga vibanda vya wakaidi.

Kazi yangu ni kukodisha nguo na vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro: majaketi ya manyoya, suruali za mvua, buti, fimbo, mifuko ya kulalia. Nilianza na majaketi sita niliyoyachambua mwenyewe kwenye mitumba pale Memorial. Kufikia mwanzoni mwa 2020 nilikuwa nayo sabini na mawili. Alhamisi nilikuwa na oda ya wageni tisa wa kupanda kwa njia ya Machame. Gari lao lilikuwa liondoke saa moja na nusu, nikafika kibandani saa kumi na mbili kasorobo ili nipange mizigo kwa majina. Nikakuta mgambo wawili na kijana mwenye mashine ya risiti. Kufuli limeshafungwa, stika nyekundu imeshabandikwa.

"Mama, mfumo unakudai," kijana akaniambia. Kwa adabu, simlaumu, ana umri wa mwanangu wa kwanza.

Nikamwambia sawa, mfumo unanidai, lakini wageni hawanidai chochote, naomba nitoe majaketi tisa tu kisha mfunge. Akanijibu ufunguo hawana. Aliyefunga kufuli hana ufunguo! Ufunguo uko ofisini, na ofisi inafunguliwa saa mbili. Yaani wa kufunga walidamka saa kumi na moja, wa kufungua anaanza kazi saa mbili, baada ya chai. Nikapanda bodaboda hadi kwa mama mwenzangu wa biashara hiyo hiyo, nikakodi majaketi tisa kwa bei ile ile niliyopatana na wageni. Faida sikupata hata shilingi, na nauli ya bodaboda ikatoka kwenye hela ya mboga.

Deni lenyewe, Mheshimiwa, ni hili. Kodi ya kibanda ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi niliyoshindwa kulipa ni kumi na moja, kuanzia Aprili 2020 hadi Februari 2021. Hiyo ni 660,000. Mnanidai 1,040,000. Hiyo 380,000 ya juu ni faini ya kuchelewa. Tangu Machi 2021 sijakosa mwezi hata mmoja, risiti ninazo kwenye bahasha ya kaki. Nahisi hakuna mtu aliyekaa akaamua nitozwe faini. Nadhani ni mashine tu, haijaambiwa kwamba mwaka 2020 kulikuwa na ugonjwa duniani, basi ikawa inajumlisha usiku na mchana. Lakini mashine haina miguu ya kuja na kufuli. Hapo kuna mtu alitumwa.

Kwa nini sikulipa ile miezi? Unajua, ila nitakukumbusha. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyeshuka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. KIA, Mheshimiwa, mlango ule ule wanaoingilia wateja wangu. Kesho yake shule zikafungwa. Wiki ile ile simu zikaanza: kundi la Wajerumani limeghairi, wale Waamerika wa Juni wameghairi, Waingereza wanaomba warudishiwe pesa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, na sisi wa mjini tukasafisha, tukaanika, tukapanga. Nani alikuja?

Wapo watakaosema sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu, kwa hiyo tusilie. Ni kweli, nchi haikufungwa, na nilimshukuru Mungu nilipoona mama ntilie wa Mbuyuni wanaendelea kupika. Mwenye kuuza nyanya aliendelea kuuza nyanya. Lakini mteja wangu hatoki Majengo wala Pasua. Anatoka London, na London walifungiwa. Mlango wa kwetu ulikuwa wazi, mgeni kafungiwa kwake. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867, na wengine wa hao walikuwa wameshapita kabla ya Aprili. Hizo ni takwimu za serikali yako mwenyewe. Ukizisoma unaona asilimia. Mimi naona majaketi yenye ukungu.

Maana yalishika ukungu. Masika ya mwaka ule yalinyesha haswa, na jaketi la manyoya lisipovaliwa linavimba na kunuka kama kuku aliyelowa. Mwezi wa tano nikaanza kuyauza moja moja kwa vijana wa bodaboda wanaokesha. Jaketi lililonigharimu elfu arobaini na tano nililitoa kwa elfu nane, wengine elfu sita na ahadi. Kuna moja la bluu, zipu yake niliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu kwa sababu wa bluu ulikwisha. Jaketi lile lilishafika kileleni, Uhuru, si chini ya mara thelathini. Mpaka leo namwona nalo kijana mmoja pale stendi, amekaa juu ya pikipiki anakula muhogo. Kila nikipita naangalia ule uzi mwekundu, kisha naangalia pembeni.

Mdogo wangu ni mgumu, yaani mpagazi, kwa wasiojua lugha ya getini. Mwaka mzima alirudi Kibosho kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba kulima ndizi. Alikuwa akinitumia mkungu kila Jumamosi, na ninasema hili bila aibu, ndizi zile ndizo zilizotulisha. Yeye ndiye aliyeniambia kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Kila mgumu akifika getini, Marangu au Machame, mzigo wake unawekwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 20 unapunguzwa, unagawiwa mwingine, hata kama msafara utachelewa. Akaniuliza: "Dada, mzigo huu wa corona nani aliupima?"

Naomba unijibu wewe, kwa sababu mimi nilimjibu kwa kunyamaza.

Nilichoona mimi ni hiki. Mgeni aliomba pesa yake kwa wakala wa kwao. Wakala akairudisha kutoka kwa kampuni ya hapa mjini. Kampuni ikaniambia mimi, niliyekuwa nadai 420,000 ya safari za Machi, kwamba pesa imerudi Ulaya, nisubiri. Mgumu hakuambiwa hata asubiri. Kila mmoja alimsukumia wa chini yake, na wa chini kabisa hakuwa na wa kumsukumia. Kisha mkaja ninyi, mkaongeza faini juu.

Nasikia kuna nafuu zilitolewa. Benki Kuu ilishusha riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5. Hongera yao mabenki. Mimi benki haiwezi kunikopesha, sina hati ya nyumba. Nilikopa kikoba, kikoba kikafa, nikaenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, na jina lao halidanganyi. Nasikia pia kuna fao la kukosa ajira kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Zuri sana, kwa aliyekuwa anakatwa michango. Mgumu anayelipwa kwa safari nani alimkata mchango? Wenzetu wa ng'ambo ya Holili, Kenya, walipunguziwa kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili ule ule, na mwenye mshahara usiozidi 24,000 za kwao akasamehewa kodi ya mapato yote. Uingereza serikali ililipa hadi asilimia 80 ya mishahara ya waliokaa nyumbani. Sikuombi ya Uingereza, akili ninayo. Walikuwa na pesa. Nauliza tu: wewe mshahara wako wa Aprili 2020 uliingia tarehe ngapi? Ulipunguzwa shilingi ngapi? Na kama ulichelewa siku mbili, kuna mtu alikuja kukubandikia stika nyekundu?

Samahani. Nilijiahidi barua hii nitaiandika bila hasira.

Halafu zikaja zile trilioni 1.3, mkopo wa IMF wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, Oktoba 2021. Madarasa yamejengwa, sibishi, mwanangu wa kidato cha kwanza anakaa kwenye darasa linalonukia rangi mpya, na nimefurahi. Maji, hospitali, barabara za hifadhini, yote mema. Lakini pesa zile zilikopwa kwa jina la ugonjwa, na watakaozilipa ni mimi na mwanangu huyo huyo. Kabla ya hapo, Julai, tulishaanza tozo za miamala ya simu. Mdogo wangu akinitumia elfu ishirini za mkungu, tunakatwa. Kwa hiyo nimeshachangia, Mheshimiwa. Nimechangia kwa majaketi, nimechangia kwa tozo, nitachangia kwa deni la taifa. Kweli katika trilioni 1.3 ilikosekana 660,000 ya mwanamke mmoja wa Moshi?

Najua mtasema "ungeandika barua". Niliandika. Tatu. Ya kwanza Agosti 2020, mwezi mmoja baada ya ahadi yako. Zote zimepigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, wino mzuri wa zambarau. Ya tatu nilipoifuatilia, dada wa masjala aliniambia jalada limepanda juu. Halijashuka.

Mwanzo nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka deni la miezi ile lifutwe kwa wote waliokuwa wanategemea mgeni wa mlima: wakodishaji, wauza vinyago, wapika chakula cha njiani, wenye vigari. Nilitaka ahadi ile ya ukumbini iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo tusianze tena kuulizana nani alipe. Nilitaka mtu wa mshahara abebe hata kilo mbili. Bado nayataka. Lakini nimehesabu siku, leo ni ya tano, na msimu ndio huu unaanza Juni hadi Oktoba. Nikiukosa, hata hiyo 1,040,000 hamtaiona.

Basi nitapunguza. Kama hamwezi kufuta yote, futeni faini. Kama faini nayo imepanda juu na jalada, niacheni nilipe kidogo kidogo, elfu ishirini kwa mwezi pamoja na kodi yangu ya kawaida, nitaweka sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na kama hilo nalo linahitaji kikao, basi nafungua mdomo kwa moja tu: ufunguo. Nina kundi la watu kumi na wawili Jumatano ijayo, wa Marangu. Mule ndani kuna majaketi arobaini na moja, ndiyo yaliyobaki, na yalikuwa hayajaanikwa. Jana usiku imenyesha. Nilisimama mlangoni nikaweka pua kwenye ufa wa mbao, na harufu ile naijua.

Ofisi inafunguliwa saa mbili. Kesho saa moja na nusu nitakuwa pale kwenye ngazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mkodishaji majaketi, Moshi