Barua kwa Hamisi kuhusu tarehe 29 Mei

Dar es Salaam,
10 Mei

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nia ya barua hii ni kukuomba uiadhimishe pamoja na wanafunzi wako wa fizikia tarehe 29 Mei, siku ambayo, mwaka 1919, kupatwa kwa jua kulitoa ushahidi kwamba mvutano wa jua huupinda mwanga.

Albert Einstein alikuwa amekokotoa tangu 1915 kwamba nyota iliyo ukingoni kabisa mwa jua itaonekana imesogea kwa sekunde 1.75 za pembe, ilhali hesabu za Newton zilitoa nusu tu ya kiasi hicho. Digrii moja ina sekunde 3,600, hivyo unaona jinsi kipimo chenyewe kilivyokuwa chembamba. Kinachonigusa zaidi ni kwamba jibu lilitangazwa kabla ya kipimo, likaachwa lishinde au lishindwe mbele ya watu wote.

Waingereza walituma timu mbili, moja Sobral nchini Brazil na nyingine kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika, alikokwenda mwanaastronomia Arthur Eddington pamoja na mwenzake Edwin Cottingham. Asubuhi ya siku hiyo Principe ilinyesha mvua kubwa, na jua lilipofunikwa mawingu yalikuwa bado yanapita. Walipiga picha 16 kwa muda wa dakika tano hivi, Eddington akibadilisha vioo vya picha kwa haraka kiasi kwamba hakulitupia jua jicho zaidi ya mara mbili. Picha mbili tu ndizo zilizofaa kupimwa. Zilitoa sekunde 1.61, nazo picha bora za Sobral zikatoa 1.98, na matokeo yakatangazwa London tarehe 6 Novemba. Nawaheshimu sana watu hao, kwani vita vya nchi yao na Ujerumani vilikuwa vimemalizika miezi michache tu kabla ya safari yao, nao wakaenda kuipima kwa haki nadharia ya Einstein, mtu wa Berlin.

Hamisi, kivuli kilekile kiliendelea kupita Kongo, kikalivuka Ziwa Tanganyika, ambalo wanafunzi wako huliona kila siku. Wape ramani waichore njia yake, kisha wakokotoe wenyewe nyota ingesogea kiasi gani kama ingekuwa mbali na ukingo wa jua mara mbili ya nusu kipenyo chake. Niandikie walivyofanya, nina hamu kubwa ya kujua.

Wako,
Salum