La Bagarre haihusu kutua kwa Lindbergh

Mhariri,

Makala yenu kuhusu muziki wa Kicheki wa kati ya vita kuu mbili na maisha ya mjini Prague imesema mtunzi Bohuslav Martinů alitunga La Bagarre, kazi ya okestra, ili kuonyesha umati uliompokea rubani Charles Lindbergh jijini Paris. Tarehe zinakataa. Lindbergh alitua Le Bourget, uwanja wa ndege wa Paris, tarehe 21 Mei 1927, wakati utunzi ulikuwa umekamilika tangu 1926. Martinů alimtunukia kazi iliyokwisha kuandikwa, na Serge Koussevitzky akaiongoza kwa mara ya kwanza Boston, Novemba 1927. Umati uliomo ni umati wowote wa mjini: watu wanasukumana, wanabanana, wanafurika.

Nalisisitiza hili kwa sababu msikilizaji akiambiwa kuna ndege, ataitafuta ndege. Half-time, kazi yake ya okestra ya 1924, imepata balaa hilo hilo. Kwa kuwa jina ni la mapumziko ya kandanda, watu husubiri filimbi ya refa, kumbe kilichoandikwa ni joto la mashabiki.

Mji umo kwenye mapigo. Tazameni Kuchyňská revue ya Martinů ya 1927, baleti ya jikoni ambamo wahusika ni vyombo. Ndoa ya Sufuria na Mfuniko inatikiswa na Kipekecho; Kitambaa cha vyombo anamkonyeza Mfuniko; Ufagio anamtaka Kitambaa wapigane. Vyombo hivi havichezi ngoma za kijijini, vinacheza tango na charleston, dansi za kumbi za usiku za wakati ule. Wapigaji ni sita tu: klarineti, fagoti, tarumbeta, fidla, chelo na piano.

Anayetaka kuipiga agawe kila mzunguko wa mapigo katika hesabu nane. Charleston hukazia 1 na 4, kisha kimya. Tango huanza vile vile, 1 na 4, ila huongeza 5 na 7. Ondoa ile 5 ubaki na 1, 4, 7: huo ni mgawo wa 3-3-2 ambao mcheza rumba ya Kongo anao tayari kiunoni, maana tango na rumba zote zina damu ya Kuba.

Makosa ni yale yale kila mara. Mpiga piano akishikilia kanyagio, mvumo unajaza kimya kinachofuata pigo la 4 na charleston inakufa. Wapiga nyuzi waliozoea muziki wa karne ya 19 huvuta mwendo kila wanapopata wimbo mtamu. Hapa mwendo haubembelezwi. Wengine hulegeza noti kama jazi ya swingi ya miaka ya 1930, jambo ambalo kwa maoni yangu linaharibu ukavu wa muziki huu. Tarumbeta nayo ni moja tu, lakini inatosha kumeza fidla na chelo: mpigaji akae nyuma, mdomo wa ala usiwaelekee.

La mwisho. Makala haikumtaja kabisa mtunzi Jaroslav Ježek. Martinů alihamia Paris mwaka 1923, lakini Ježek, aliyekuwa karibu kipofu, alibaki Prague hadi 1939. Akiwa huko alitunga konseto ya piano yenye foxtrot, tango na charleston, akaupigisha jazi ukumbi wa tamthilia wa Osvobozené divadlo, na kuliandikia gari la mbio kipande kiitwacho Bugatti Step. Makala inayoahidi maisha ya mjini Prague ilipaswa kuanzia kwake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam