Changu kilitupwa, cha mdogo wangu kiliokolewa na ruba

Mhariri,

Mimi ni seremala hapa Tororo, Uganda, na mkono wangu wa kushoto una vidole vinne. Cha shahada kilikatwa na msumeno wa mashine mwaka 2011. Vijana wa karakana walikitumbukiza kwenye barafu ya muuza samaki tukakimbia nacho. Hospitali walikitazama tu, wakasema kimeungua kwa baridi. Kikatupwa.

Mwaka jana yale yale yakamkuta mdogo wangu, fundi mbao huko Uingereza. Chake kilifungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndio ukakaa juu ya barafu. Madaktari wakakishona kwa kutumia hadubini. Kesho yake kikavimba na kuwa zambarau: damu ilikuwa inaingia, lakini vena za kuirudisha, nyembamba mno, zilishindwa kazi. Wakamwekea ruba! Alinipigia usiku: "Kaka, unawakumbuka wale wa mpunga wa Doho?"

Nisiwakumbuke vipi? Utotoni, kwenye mashamba ya Doho huko Butaleja, tulikuwa tukipalilia mpunga, tukiwabandua miguuni kwa chumvi, na jeraha likivuja damu hadi jioni. Kumbe kuvuja huko ndiko daktari anakokutaka. Mate ya ruba yana hirudini, inayozuia damu kuganda. Akishiba hudondoka mwenyewe, na kidole huendelea kutoa damu iliyotuama kwa saa nyingi. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, mpaka vena mpya ziote. Mdogo wangu aliwekewa siku tano, akaongezewa damu, akapewa na antibayotiki, maana tumboni mwa ruba mna bakteria.

Nilipowasimulia wenzangu walisema huo ni uganga. Iliniuma. Marekani iliidhinisha ruba kwa tiba mwaka 2004, na tangu 1985 daktari mmoja wa Boston aliwatumia kuokoa sikio la mtoto. Lakini tafadhali, asije mtu akaenda kuokota ruba Doho! Wa hospitali hufugwa kwa usafi, na kila mmoja hutumika mara moja tu.

Naiomba Wizara ya Afya isomeshe madaktari wengi zaidi wa kushona mishipa midogo, na ruba waagizwe pamoja na vifaa vyao. Nanyi wenye karakana na vinu vya mahindi, bandikeni ukutani namna ya kubeba kidole kilichokatika. Mimi nimeshaiandika kwa chaki juu ya msumeno wangu, na kila kijana anayeanza kazi kwangu huisoma kwa sauti kabla sijawasha mashine.

Seremala, Tororo