Fomu za mtandaoni zinazomeza majibu: tusiusingizie mtandao

Mhariri,

Kila msimu wa kuomba vyuo, mikopo na ajira, steshenari zetu hujaa watu wanaojaza fomu za kurasa tano, sita, hata nane. Mwombaji anafika ukurasa wa sita, anabofya "Endelea", anajikuta ukurasa wa kwanza, mweupe pe. Kijana wa steshenari anasema mtandao unasumbua. Mwombaji anakubali, analipa tena, anaanza upya. Sisi tunaotengeneza mifumo ya aina hii tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba mara nyingi mtandao unasingiziwa. Kosa liko kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, na kulitibu hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji uamuzi mmoja: majibu ya kila ukurasa yahifadhiwe kwenye kanzidata (ghala la taarifa la mfumo) papo hapo mtu anapobofya "Endelea", yasisubiri ukurasa wa mwisho.

Seva kwa asili haimkumbuki mtu. Kila bofyo linafika kwake kama mgeni asiyejulikana alikotoka. Ili kuunganisha ukurasa wa pili na wa kwanza, waandishi wengi wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, hutumia sesheni: kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kinapewa kuki, yaani kumbukumbu ndogo, yenye namba ndefu, kwa kawaida inaitwa PHPSESSID, na majibu yanawekwa seva kwenye faili dogo lenye namba hiyo. Njia hii imo ndani ya PHP tangu toleo la 4 la mwaka 2000, na kwa kumtambua aliyeingia kwenye akaunti inafaa kabisa. Kwa kubeba fomu nzima inaponza. Mpangilio uitwao session.gc_maxlifetime, usipoguswa, ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Mwombaji akitoka kwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa au kumpigia mjomba amtajie namba ya kitambulisho, dakika 24 zikapita bila bofyo, faili lake linahesabiwa kuwa taka.

Lini taka hiyo itazolewa ni bahati. Kwenye seva zenye mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu kazi ya kufagia hupita kila nusu saa, kwa hiyo anayekaa kimya dakika 40 anaweza kusalimika leo, na kesho anayekaa dakika 25 akapoteza kila kitu. Fundi naye haoni tatizo akijaribu ofisini, maana yeye hujaza fomu nzima kwa dakika tatu, kila kisanduku "aaa".

Dawa ya haraka wanayoikimbilia wengi ni kupandisha muda huo hadi saa nane nzima. Haifai kwa sababu mbili. Kwenye seva ya kupanga, yaani ya kukodi pamoja na wengine, ambako tovuti nyingi huweka mafaili ya sesheni kwenye folda moja, jirani aliyebaki na dakika 24 anaweza kufagia na ya kwako. Ya pili ni nzito zaidi: kompyuta ya steshenari ni ya watu wote. Sesheni ya saa nane ina maana kwamba anayekaa kiti hicho baada yako anazikuta taarifa zako ziko wazi.

Basi sesheni iwe fupi, na kazi yake iwe kumjua mtu tu. Ukurasa wa kwanza uombe namba ya simu na neno la siri, kisha seva ifungue mstari mmoja kwenye jedwali la maombi, wenye namba ya ombi na hali ya "rasimu". Kila ukurasa unaofuata unajaza safu zake, yaani visanduku vyake, kwenye mstari huo. Sesheni ikifa, mwombaji anaingia tena na kupelekwa pale alipoishia. Tahadhari kwa vijana wanaoanza: ukizipa safu zote sharti la NOT NULL (isiachwe tupu) tangu mwanzo, rasimu haitahifadhika, maana ukurasa wa pili haujui majibu ya ukurasa wa tano. Acha safu ziwe tupu zikiwa rasimu, ukaguzi wa "lazima kujaza" uje siku ya kuwasilisha. Na siku hiyo kagua kurasa zote upya, hata kama kila mmoja ulishakaguliwa peke yake, kwa sababu mtu anaweza kuandika anwani ya ukurasa wa saba akaruka wa tatu.

Tatizo la steshenari lisilosemwa sana ni vichupo viwili, yaani kurasa mbili zilizofunguliwa sambamba kwenye kivinjari. Kijana anahudumia wateja wawili kwa wakati mmoja: Asha kichupo hiki, Juma kile, ndani ya kivinjari kimoja. Kuki ni moja kwa vichupo vyote. Juma akiingia kwenye akaunti yake, kuki ya Asha imekwisha kubadilika bila kichupo cha Asha kuonyesha dalili yoyote. Asha akibofya "Endelea", alama zake za kidato cha nne zinakwenda kukaa kwenye ombi la Juma. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna anayejua mpaka barua za majibu zitoke. Kinga yake ni ndogo: kila ukurasa ubebe namba ya ombi kwenye kisanduku kilichofichwa, na kabla ya kuandika chochote seva iulize kama ombi hilo ni la mtu aliyemo kwenye sesheni. Yasipolingana, ikatae na kumwambia aingie upya. Lakini namba hiyo iliyofichwa isiaminiwe peke yake hata siku moja. Yeyote anaweza kuibadilisha 118 kuwa 119, na bila ukaguzi huo atafungua ombi la mwenzake.

Baada ya kuhifadhi, seva isichore ukurasa unaofuata hapo hapo. Ijibu kwa 303, yaani imwelekeze mtu kwenda kuusoma ukurasa huo kwa anwani yake. Bila hivyo, mwombaji akirudi nyuma au kuonyesha upya ukurasa, kivinjari kinamuuliza kama atume fomu tena, naye kwa woga hubofya ndiyo. Kitufe cha "Wasilisha" kinahitaji kinga yake pia, kwa kuwa mtandao ukiwa mzito watu hukibonyeza mara tatu. Agizo la kubadilisha hali liandikwe na sharti: badilisha kuwa "imewasilishwa" pale tu ambapo hali bado ni "rasimu". Kisha angalia mistari mingapi imebadilika. Ikiwa mmoja, toa kumbukumbu namba ya malipo. Ikiwa sifuri, mwonyeshe ile iliyokwisha kutolewa, usitengeneze ya pili.

Picha na vyeti vipewe ukurasa wao wenyewe. PHP isipoguswa inakubali faili la MB 2 na mzigo mzima (majibu na mafaili ya bofyo moja) wa MB 8, wakati picha moja ya simu za leo ni MB 3 hadi 5. Faili likizidi MB 2 unapata kosa linaloeleweka, ukijali kulisoma. Lakini mzigo mzima ukizidi MB 8, $_POST na $_FILES, ambamo PHP hupokea majibu na mafaili, vyote vinafika vitupu. Programu inaona visanduku vitupu na kumjibu mwombaji kwa wino mwekundu: andika jina, andika simu, andika wilaya. Ameviandika vyote! Na Nginx (programu ya seva inayopokea mabofyo) ikiwa mbele ya PHP, kikomo chake cha kawaida ni MB 1, hivyo mzigo hukatwa kwa kosa 413 kabla PHP haijauona. Tena, kivinjari hakirudishi faili kwenye kisanduku baada ya kosa. Ukichanganya vyeti vitatu na maswali kumi, kosa la herufi moja kwenye jina la mtaa linamlazimu mtu kupakia vyeti vyote upya, kwa bando lake.

Majina sasa. Sharti la "herufi A hadi Z tu" linawakataa watu wa ukoo kama Nyang'oro, na nchi hii inao wengi wenye ng'. Wanaolikubali jina nao hulisafisha mara mbili, likatoka kwenye barua rasmi kama Nyang&#039;oro. Hifadhi jina lilivyoandikwa, kupitia maagizo yaliyoandaliwa ya PDO (njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata), na utumie htmlspecialchars, inayogeuza alama ziwe salama kwa ukurasa, mara moja tu, wakati wa kuonyesha kwenye ukurasa. Kumbuka pia kwamba simu nyingine huandika alama ya ng' iliyopinda badala ya iliyonyooka. Zifanye moja kabla ya kulinganisha majina.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Kuna wanaoiwekea safu ya BIGINT (aina ya namba nzima kubwa) kwa kuwa "ni namba". Safu hiyo inakomea 9223372036854775807, ambayo ni tarakimu 19. Kanzidata ya MySQL isiyowekwa katika hali kali (ya kukataa thamani isiyoenea) haigomi, inaandika kikomo hicho hicho kwa kila mwombaji, na ofisi inashangaa watu elfu moja kuwa na kitambulisho kimoja. Ukiongeza UNSIGNED (bila namba hasi), kikomo kinapanda hadi 18446744073709551615, kwa hiyo watakaoenea ni waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma. Namba usiyoijumlisha wala kuitoa ni maandishi: iwekee CHAR(20), safu ya herufi 20. Namba ya simu vivyo hivyo, la sivyo sifuri ya mbele inapotea.

Kuhusu saa ya kufunga dirisha tuseme kwa kifupi. Seva nyingi za kupanga husoma saa za UTC (saa za kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Ukiandika kwamba dirisha linafungwa 23:59 bila kuweka Africa/Dar_es_Salaam, kwa hakika linafungwa karibu saa tisa usiku, na waliowahi kuambiwa "mwisho saa sita" wana haki ya kulalamika wakiona wenzao wamepenya.

Wapo watakaosema kuhifadhi rasimu ni kulimbikiza taarifa za watu ambao hata hawakuomba. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haina utani na jambo hilo. Kwa hiyo mfumo uwe na kazi ya kufuta rasimu zisizowasilishwa dirisha likishafungwa, na mwombaji aambiwe hivyo ukurasa wa kwanza. Vilevile punguzeni maswali. Fomu ikiuliza dini, kabila na kazi ya babu bila kuvitumia popote, kurasa nane zingeweza kuwa tatu.

Wakuu wa idara mnaonunua mifumo hii, kabla ya kusaini hundi kaeni na fundi saa moja. Jazeni hadi ukurasa wa tatu, mkanywe chai dakika 50, kisha mbofye "Endelea". Fungueni waombaji wawili kwenye vichupo viwili. Pakieni picha tatu za simu kwa pamoja. Bonyezeni "Wasilisha" mara tatu upesi upesi, kisha fungueni kanzidata mhesabu mistari. Fundi akianza kusema mtandao unasumbua, mwulizeni kwenye jedwali la maombi safu ya hali iko wapi.

Watengenezaji mifumo,
Morogoro