Dawa za Waaborijini zina wenyewe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu miti ya dawa na vyakula vya porini vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ilinifurahisha, ila iliyataja majani, mbegu na matunda kana kwamba elimu yote imo ndani ya mmea, na anayeutaka akishauchuma amemaliza kazi.

Kisa cha nardoo kinaonyesha hatari ya fikra hiyo. Mwaka 1861 wavumbuzi Robert Burke na William Wills walikwama kando ya Cooper Creek, wakawa wanakula unga wa mmea huo wa majimaji kila siku, tena kwa wingi, huku wakizidi kudhoofika hadi wakafa. Wayandruwandha, wenyeji wa hapo, waliila nardoo hiyohiyo bila kudhurika kwa sababu walijua namna ya kuitayarisha kwa moto na maji, na wataalamu wengi wanaona kuwa utaratibu huo ndio unaopunguza kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mwenzao John King alinusurika kwa kuwa wenyeji hao walimpokea na kumlisha.

Elimu hiyo, basi, ina wenyewe. Majani ya mti wa Melaleuca alternifolia ("tea tree"), ambayo Wabundjalung wa kaskazini mwa New South Wales waliyaponda na kuvuta mvuke wake kutuliza kikohozi au kuyabandika juu ya vidonda, yaliingia maabara katika miaka ya 1920, mkemia Arthur Penfold alipoyapima mafuta yake. Leo mafuta hayo yanauzwa duniani kote, na ni nadra kuona chupa inayowataja Wabundjalung. Tunda la Kakadu, lenye vitamini C nyingi ajabu, nalo lilikaribia kupatwa na hayo: kampuni ya vipodozi ya Marekani iliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuyamiliki peke yake matumizi ya tunda hilo, nchini Australia, kisha, baada ya malalamiko, ikaliondoa ombi lake. Ni mwaka 2020 tu ndipo jimbo la Queensland liliporekebisha sheria yake ya mwaka 2004 ya utafiti wa viumbe vya asili ili mtafiti anayetumia maarifa ya jadi aafikiane kwanza na wenye maarifa hayo.

Kwa hiyo naomba mkirudia mada hii mtaje kila dawa ni ya watu gani, kwa kuwa jina "Waaborijini" limekusanya mataifa yaliyokuwa na lugha zaidi ya 250 Waingereza walipofika mwaka 1788.

Msomaji wenu